Mafiga, shimo au jiko: moto upi wa mandari Lamu?

Mandari yetu ya Idi mwaka uliopita nusura ivunjike kabla ya mashua kung'oa nanga. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa moto. Ami alitaka mafiga, kama alivyozoea tangu utotoni. Vijana walikuwa wameona kwenye simu moto wa mashimo mawili na hawakuwa na jingine la kuzungumza. Shangazi, ambaye ndiye mpishi na ndiye wa kukaa na moshi usoni, alisema neno moja tu: jiko lisipopanda mashuani, chungu chake nacho hakipandi. Basi tukapakia vyote, tukavuka hadi kisiwa cha Manda, na kwa siku mbili tukapata nafasi adimu ya kuona mioto minne ikikokwa kwenye mchanga mmoja, kwa upepo mmoja na njaa moja.

Tangu hapo kila anayepanga kwenda kulala ufukweni hunijia na swali lilelile: upi unawaka haraka? Mimi namrudisha nyuma. Kuwasha hata mtoto huwasha, na hilo ndilo tatizo. Ninachomuuliza ni hiki: kesho asubuhi ukiondoka, utauzimaje, na nani atapita pale baada yako akiwa peku? Mioto hii nimeipima hasa kwa swali hilo, na utaona kwamba mpangilio wa washindi si ule unaoutarajia.

Mafiga matatu

Figa moja haliinjiki chungu, tunaambiwa tangu wadogo, na ukweli ni kwamba matatu yanatosha kwa karibu kila kitu. Mawe matatu ya kimo kimoja, kuni tatu ndefu zikiingia kati kutoka pande tatu kama miale ya nyota, basi. Kuni huzikati wala huzipasui. Unazisukuma ndani kadiri ncha zinavyoliwa. Huu ni moto unaotii. Ukitaka pilau ichemke, sukuma. Ukitaka ikauke, vuta kuni nyuma shubiri moja, chota makaa upalie juu ya kifuniko. Na kwa vile zinazowaka ni ncha tu, ukimaliza unazichomoa kuni moja moja na kuzizamisha ncha zake majini. Kinachobaki kati ni gao moja la makaa, na gao moja la makaa ndoo moja ya maji hulimaliza.

Udhaifu wake ni upepo. Mafiga yako wazi pande zote, na wakati wa kusi, upepo wa kusini, hasa Juni hadi Agosti, ndimi za moto hulala upande na kupasha mchanga badala ya chungu. Siku ya kwanza shangazi alisubiri maji yachemke muda ambao nyumbani angekuwa ameshapakua. Tukaja kuzungusha jamvi kuukuu upande wa upepo, hatua nne kutoka motoni, mambo yakabadilika. Lakini jamvi ni majani makavu. Mtu mmoja akawa mlinzi wa jamvi, na hakupenda.

Udhaifu wa pili haujulikani sana, nao ni mawe yenyewe. Pwani yetu ni ya matumbawe. Jiwe la matumbawe limejaa vitundu, na lililokaa majini au kwenye mchanga wenye unyevu limenyonya maji hadi ndani. Liweke motoni: maji yanageuka mvuke, mvuke unakosa pa kutokea, jiwe linapasuka kwa kishindo na vipande vinaruka. Kwetu kilipasuka kipande kama ukucha kikaingia kwenye bakuli la kachumbari. Tulicheka, ila bakuli lile lilikuwa mapajani mwa mtu. Ukitaka mafiga ya mawe, yaokote juu, mbali na maji, yaliyopigwa jua miezi. Afadhali zaidi, beba chuma cha miguu mitatu. Kinapatikana kwa wahunzi, hakipasuki, na hakiachi mawe meusi ufukweni kama makaburi.

Shimo mchangani

Hapa ndipo nataka nikae kidogo, kwa sababu ndio moto unaopendwa kuliko yote na ndio ulionipa somo.

Uzuri wake hauna ubishi. Chimba kina cha sentimita 30 hivi, upana wa sinia kubwa, na upande unaotoka upepo uuteremshe kama ngazi ili hewa iingie chini; ukichimba kama kisima, moto utakosa pumzi na utakutolea moshi usiku kucha. Ukikaa ndani ya shimo, moto haupeperushi cheche, unatunza joto, na makaa yake yanatulia sawasawa. Kwa kuchoma samaki hauna mpinzani. Tuliweka wavu juu, kolekole mmoja mkubwa aliyechanjwa mbavu na kupakwa ndimu, chumvi na pilipili, na kila tone la mafuta lilipoanguka makaa yalijibu. Mtu hahitaji kupepea wala kuchutama akipuliza.

Ubaya unakuja usiku watu wanapochoka. Ulipochimba uliweka rundo la mchanga pembeni. Ni rahisi mno kulirudisha shimoni. Moto hauonekani tena, moshi hakuna, mahali pamelingana na ufuo mzima, nanyi mnakwenda kulala mkiwa na amani kwamba mmefanya jambo la usafi.

Tulifanya hivyo saa tano za usiku. Saa moja asubuhi mtoto wa binamu yangu, wa miaka sita, alitoka mbio kwenda majini na njia yake ikapita hapo hapo. Mchanga ulikuwa mweupe kama mwingine wote. Alipiga hatua mbili tu, ya pili ikazama.

Mchanga mkavu ni kama blanketi. Unazuia hewa, kwa hiyo makaa hayawaki yakaisha, na unazuia joto lisitoke, kwa hiyo hayapoi. Yanabaki vile vile kwa muda wa saa nane, hata kumi. Laiti tungeyaacha wazi yangekuwa jivu kufikia alfajiri, na hata yasingekuwa jivu mtoto angeyaona. Ami, ambaye hupenda kusema mambo makubwa kwa sauti ndogo, alisema kwa Kiamu chetu, "Mtanga hauzimi moto, huuficha."

Tulimmwagia mtoto maji ya kunywa kutoka kwenye dumu, polepole, dakika 20 kwa saa. Kuna aliyekwisha fungua dawa ya meno, na mwingine akitafuta yai. Vyote viwili viwekeni mbali: havipoozi, vinafungia joto ndani, na daktari atalazimika kuvikwangua juu ya jeraha. Maji safi ya baridi ya kawaida, si barafu. Kisha kitambaa safi kilicholegea, na malengelenge yasitoboliwe. Akiwa ni mtoto, au moto umegusa uso, kiganja, wayo au kiungo, ni hospitali moja kwa moja. Tulivuka naye asubuhi ile ile. Alipona, ila mpaka leo hupita mbali na kila shimo alionalo, hata la kaa.

Basi je, nimeliacha shimo? Hapana. Nimelihamisha. Sasa tunalichimba chini ya mstari wa maji kujaa, pale ambapo bahari itapita kabla ya asubuhi, na bado tunalimwagia maji kwa mikono yetu kabla ya kulala. Ila lazima ujue maji yako. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, bahari ya Lamu hupanda na kushuka kiasi cha mita 3, na ukikosea hesabu itakuja kula chakula pamoja nanyi. Wakati wa maji mafu, bahari isipojaa sana, mstari unashuka, na shimo la juzi halifikiwi.

Mashimo mawili

Huu ndio ule wa vijana. Unatajwa kwa jina la Wadakota, wenyeji wa nyanda za Amerika Kaskazini, na akili yake ni nzuri kweli. Unachimba shimo la moto, kisha jingine dogo upande unaotoka upepo, na kuyaunganisha chini kwa mfereji. Hewa moto ikipanda kutoka shimo la kwanza inavuta hewa mpya kupitia la pili, kama pampu. Moto unawaka kwa nguvu, kuni kidogo, moshi karibu hakuna, na chungu unakikalisha juu ya mdomo wa shimo bila figa.

Ila yale ni nyanda za udongo wenye kushikana. Mchanga wa Manda hauna habari hizo. Mfereji ulianguka mara mbili kabla ya moto, na mara ya tatu, walipoulowesha mchanga kwa maji ya bahari, ulisimama vizuri hadi joto lilipoukausha, ukaporomoka na kuufukia moto pamoja na sufuria ya chai. Kwa anayepiga kambi shambani huko Mpeketoni, au nyuma ya Malindi kwenye ule udongo mwekundu, nasema ajaribu, mradi asichimbe penye mizizi, maana mzizi mkavu hushika moto chini kwa chini na kutokeza mahali pengine mmeshaondoka. Ufukweni, hapana.

Jiko la makaa, na gesi kwa ufupi

Shangazi alishinda, nami nakiri bila kinyongo. Jiko lake ni lile la bati nje na udongo ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, na linakula makaa kidogo kuliko la bati tupu kwa sababu udongo unashika joto. Mashuani linakaa ndani ya sanduku lililojazwa mchanga, kama manahodha wanavyofanya, ili mbao zisipate joto na wimbi lisilipindue. Ukifika unalibeba lilivyo. Kwa wali wa nazi na samaki wa kupaka hakuna kinacholipita: moto ni mmoja, hauna ndimi, na shangazi aliweza kukaa na baibui lake bila kuogopa cheche.

Na kuzima? Makaa unayahesabu. Unayachota kwa koleo moja moja na kuyatumbukiza kwenye ndoo ya chuma yenye maji, na kesho ukiyaanika yanawaka tena. Usimwagie maji jiko lenyewe likiwa moto. Udongo utapasuka, na hapo utakutana na mwenye jiko.

Hatari yake haina sauti. Makaa yanayowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na watu hulala nayo wasiamke. Jiko lisiingie hemani kamwe, hata liwe limebaki makaa matatu mekundu, hata mvua inyeshe, hata mtoto atetemeke. Vivyo hivyo kibanda kilichofungwa turubai pande zote.

Kasoro nyingine ni ya moyo zaidi: jiko halikusanyi watu. Hakuna anayesimulia hadithi akitazama jiko.

Mtungi wa gesi wa kilo 6 na kichwa chake ni mzuri kwa chai ya alfajiri na kwa anayekwenda mahali pasiporuhusiwa moto. Upepo unauzima mara kwa mara, basi uwe na kinga ya bati, na ukinusa gesi ufunge kabla ya kuwaza kiberiti. Sina zaidi.

Kuni zenyewe

Mikoko kwanza, kwa sababu ndiyo iliyo karibu na ndiyo inayotamanisha. Kuni ya mkoko au mkandaa ni nzito, inawaka taratibu na makaa yake yana joto kali. Wachoma chokaa walijua walichokuwa wakikifanya. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko kaunti hii, na labda ndiyo maana watu hudhani haiishi. Lakini ni msitu wa serikali, kukata bila kibali ni kosa, na mkoko mbichi hata hivyo ni kuni mbaya: sehemu kubwa ya uzito wake ni maji, na joto lako lote litakwenda kuyachemsha hayo kabla ya chungu. Nunua vipande vya boriti vilivyobaki kwa wajenzi. Ukipita Matondoni, kwa mafundi wa mashua, omba maranda ya mbao ambazo hazijatiwa rangi. Kwa kukokea moto sijaona kinachoyashinda.

Mvinje ndio ninaoupendelea. Unaota haraka, kuni yake inawaka hata ikiwa haijakauka sana, na haina cheche nyingi. Kuanzia Malindi kushuka unapatikana kila mahali; huku kwetu ulizia.

Mnazi unatoa kila kitu isipokuwa kuni nzuri. Makuti na karara huwaka kwa fujo dakika mbili na kurusha cheche juu, kwa hiyo ni vya kuanzia tu, kidogo kidogo. Vifuu ni bora: vina joto kali na makaa safi. Makumbi huvuta moshi saa nzima, jambo ambalo mpishi hulilaani na mwenye kuumwa na mbu hulishukuru. Wekeni makumbi mawili pembeni, upande unaotoka upepo, kila mtu apate haki yake.

Magogo yaliyotupwa na maji yanavutia, na yanawaka kwa rangi za kijani na buluu. Rangi hizo ni chumvi na madini. Moshi wake una sumu za klorini na unakula sufuria, basi hata kama utayawasha kwa kuyatazama, usichomee chakula. Mbao za mashua kuukuu zenye rangi ni hivyo hivyo au zaidi. Na mnyaa, ule wa uani usio na majani, usiuguse: utomvu wake na moshi wake huchoma macho vibaya.

Zamani moto uliwashwa kwa mfuko wa plastiki. Tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku mwaka 2017 watu wamehamia chupa za soda, ambazo ni shida ile ile yenye umbo jingine. Mafuta ya taa, kama huna budi, yalowe kwenye maranda kabla ya kiberiti. Kuyamimina juu ya makaa yaliyokwisha kushika ni kuvuta ulimi wa moto hadi kwenye dumu lililo mkononi mwako. Petroli ya injini ya boti ibaki kwenye boti.

Tukija kwenye kukoka, vijana hupanga vijiti kama mnara na kuwasha chini. Unawaka upesi, unaanguka upesi, na lazima uulishe kila dakika. Kwa moto wa usiku mimi hugeuza: kuni nene mbili chini, juu yake nyembamba zikikingama, juu zaidi vijiti vya unene wa kidole, na kileleni maranda na njukuti kavu. Washa kileleni. Moto unashuka wenyewe, moshi wa kuni za chini unapita ndani ya ndimi na kuungua, na kwa karibu saa nzima huna kazi. Ami hakuniamini mpaka alipokwisha kunywa kahawa vikombe viwili akisubiri uzimike.

Mahali

Kaskazi, Desemba hadi Machi, ufuo wa Shela unakalika. Kusi ukishika, ule ufuo wa kilomita 12 hivi unapigwa uso kwa uso, na mchanga utakuwa kwenye kila tonge. Tafuta upande wa Manda uliokingwa. Kwenye vilima vya mchanga vya Shela vyenyewe usiwashe kabisa. Mvua inayozama pale ndiyo inayolisha visima vya mji, na vile vichaka vinavyokishika mchanga kwa mizizi vikiungua, kilima huanza kutembea.

Hema na jamvi viwe upande unaotoka upepo, mita 5 au zaidi kutoka motoni. Penye paa la makuti, mara nyingi ya hapo. Kila aliyekulia mtaa wa makuti anajua cheche moja inavyovuka vichochoro.

Kisha kuna kasa. Hupanda kutaga kwenye fuo za Shela, Manda na Kiwayu, na vifaranga hutoka baada ya miezi 2 hivi, usiku, wakifuata mwanga wa bahari. Moto wako ni mwanga mkubwa zaidi, nao huufuata. Ukiona alama za kutambaa, au vijiti vilivyozungushiwa kiota, sogea mbali kabisa. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979, waulize askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kabla ya kushusha hata kiberiti.

Basi uchukue upi?

Mkiwa na watoto na mpishi mmoja, chukueni jiko, na mkitaka kuota moto wekeni mafiga madogo pembeni yenye kuni tatu tu. Wavuvi wawili wa usiku mmoja, mafiga ya chuma, hawana haja ya kingine. Kundi la vijana au wageni wanaotaka samaki wa kuchoma na hadithi, shimo chini ya mstari wa maji, na mmoja wao ateuliwe mapema kuwa wa kulizima, kabla hajashiba.

Kazi ya huyo mmoja iko hivi. Nusu saa kabla ya kulala hakuna kuni inayoongezwa. Maji ya bahari yanafaa, ndoo ya kwanza imiminwe polepole kutoka pembeni kwenda kati, ukisimama upande unaotoka upepo ili mvuke usikupige. Koroga kwa kijiti mpaka chini kabisa. Ndoo ya pili. Koroga tena, geuza kila kipande kikubwa. Leta nyuma ya kiganja karibu, halafu gusa. Ikiwa bado kuna joto hujamaliza.

Usiku wa pili pale Manda aliyefanya kazi hiyo alikuwa ami. Baada ya ndoo ya tatu sote tulikwisha kujifunika. Akainamisha kichwa, akasikiliza kama anayesikiliza kisima, akasema kuna kitu bado kinalia, na akarudi majini na ndoo yake.